Faili ya Ndung'u Haionekani: Namna ya Kuomba Chaguo Jipya katika Programu ya Kutafuta Faili

Mkazi anafika katika ofisi ya wadi kuulizia fomu ya basari ya mtoto wake. Fomu ilipelekwa mapema, ikapigwa skani, ikahifadhiwa kwenye kompyuta. Karani anaandika jina la mtoto katika programu ya kutafuta faili, anangoja kidogo, kisha anamgeukia mzazi: "Haionekani." Mzazi anaondoka akiamini fomu ilipotea au ilitupwa. Karani naye hakudanganya, kwa maana kioo cha kompyuta hakikumwonyesha kitu. Na fomu iko mle mle.

Jambo hili huwapata zaidi watu wenye majina kama Ndung'u, Ng'ang'a, Ng'etich, Achieng', Nyang'au na Mang'eli. Sababu yake ni alama ndogo ya ritifaa. Makala haya yanaeleza tatizo hilo, jinsi ya kulizunguka leo, na jinsi ya kuwaandikia watengenezaji wa programu kuwaomba chaguo litakaloliondoa. Yanawahusu makarani, lakini pia wenye saiba, makatibu wa vyama na vikundi, walimu na yeyote anayetunza nyaraka za watu kwenye kompyuta.

Jina moja, maandishi matatu

Kwa sikio letu ng' ni sauti moja. Kwa kompyuta ni herufi mbili na alama, na alama yenyewe ina sura zaidi ya moja. Kuna ritifaa iliyonyooka, ile inayotoka unapobonyeza kitufe chake kwenye kibodi. Kuna ritifaa iliyopinda, ambayo Microsoft Word huiweka yenyewe unapoandika, na ambayo baadhi ya simu huiweka pia. Halafu kuna watu wasioandika alama yoyote. Basi faili za watoto watatu wa ukoo mmoja zinaweza kuwa hivi:

Basari_Ndungu.pdf
Basari_Ndung'u.pdf
Basari_Ndung’u.pdf

Tazama vizuri ya pili na ya tatu. Jicho la binadamu huzipita tu, lakini kompyuta huziona kuwa majina mawili tofauti kabisa, kama vile Juma na Jumba. Karani akiandika jina kwa alama iliyonyooka, ataipata ya pili peke yake. Fomu ambayo jina lake lilinakiliwa kutoka Word na kubandikwa haitatokea, wala ile iliyoandikwa bila alama.

Si majina ya watu pekee. Murang'a na Lang'ata zina shida hiyo hiyo, na kadhalika ripoti ya chanjo ya ng'ombe katika idara ya mifugo. Windows hukataza alama kadhaa katika majina ya faili, zikiwemo nyota na alama ya kuuliza, lakini ritifaa inaruhusiwa. Ndiyo maana hakuna onyo lolote linalotokea faili inapohifadhiwa.

Chaguo la amri ni nini

Programu nyingi tunazozijua hutumiwa kwa kubofya. Unafungua dirisha, unaandika neno, unapata orodha. Lakini karibu kila programu nzuri ya kutafuta inaweza pia kuendeshwa kwa maandishi, kwenye ule mstari wa amri unaopatikana kwa kufungua Command Prompt katika Windows. Unaandika jina la programu, kisha unaongeza maneno mafupi yanayoieleza itafute wapi, kwa namna gani, na majibu yaende wapi. Maneno hayo mafupi ndiyo chaguo za amri. Kwa kawaida hutanguliwa na kistari au mkwaju.

Mfano usiohitaji kupakua chochote, kwa sababu amri hii imo ndani ya kila Windows, ni huu:

dir /s /b /a-d "D:\Basari\*ndung*u*"

Chaguo /s linaagiza itafute hadi ndani ya folda zote zilizo chini ya hiyo. Chaguo /b linataka jina la faili na njia yake tu, bila mapambo. Chaguo /a-d linaacha folda na kuleta faili pekee. Nyota husimama mahali pa herufi yoyote, au herufi nyingi, au hakuna kabisa. Kwa hiyo ndung*u inazikamata faili zote tatu zilizotajwa hapo juu. Anayetumia Linux atapata matokeo kama hayo kwa kuandika find, folda, kisha -iname "*ndung*u*".

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini ahangaike na maandishi ilhali dirisha la kubofya lipo. Kwa kazi ya siku moja, asihangaike. Faida huonekana kazi inaporudiwa. Amri huandikwa mara moja, huhifadhiwa, na karani wa zamu yoyote akiitumia atatafuta kwa namna ile ile. Pia inaacha ushahidi. Ukiandika mistari hii miwili, unapata karatasi inayoonyesha ni saa ngapi utafutaji ulifanyika na nini kilipatikana:

echo %date% %time% > orodha.txt
dir /s /b /a-d "D:\Basari\*ndung*u*" >> orodha.txt

Kuna tofauti kubwa kati ya "haionekani" na karatasi kama hiyo. Ibara ya 35 ya Katiba humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inairuhusu ofisi siku 21 kulijibu ombi, au saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na hakuna ada ya kuliwasilisha. Ofisi inayojibu kwamba haina nyaraka fulani inapaswa kuwa imetafuta kweli. Asiyeridhika anaweza kupeleka malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana zaidi kama Ombudsman.

Programu ya Everything, kwa mfano

Amri ya dir hupitia diski folda baada ya folda, na penye maelfu ya faili hukawia. Programu za kutafuta zilizotengenezwa kwa kazi hiyo hujenga orodha ya majina mapema, kisha hujibu papo hapo. Mojawapo ni Everything ya voidtools, inayotolewa bila malipo kwa Windows. Tunaitaja kwa sababu inatumika sana na chaguo zake zimeandikwa wazi. Kutajwa kwake si tangazo.

Everything husoma ile jedwali kuu ambayo Windows huitunza kwenye diski za muundo wa NTFS, jedwali lenye jina la kila faili. Watengenezaji wake wanasema faili milioni moja huorodheshwa kwa takriban dakika moja. Lakini kuna mambo mawili ya kujua. Kwanza, kwa kawaida hutafuta majina ya faili, si yaliyoandikwa ndani. Fomu iliyohifadhiwa kwa jina Scan0001.pdf haitapatikana kwa jina la mtoto hata ufanyeje. Anayetaka kutafuta maneno ya ndani atazame programu kama Recoll, na picha za skani lazima kwanza zisomwe na programu ya kutambua maandishi. Pili, flashi nyingi hazitumii muundo wa NTFS, kwa hiyo faili zilizo kwenye flashi hazionekani mpaka uongeze folda yake katika mipangilio.

Chaguo za Everything zinaweza kumsaidia hata mtu ambaye hatafungua mstari wa amri maishani mwake. Tengeneza njia ya mkato kwenye dawati la kompyuta, fungua sifa zake, na mahali palipoandikwa jina la programu ongeza hivi mwishoni:

-path "D:\Basari" -search "*ndung*u*"

Karani akiibofya mara mbili, dirisha linafunguka likiwa tayari ndani ya folda ya basari, na neno la kutafutwa limeshajazwa. Anachobadilisha ni jina tu. Tumeona makarani wapya wakijifunza kazi kwa mkato kama huo kwa muda mfupi kuliko kwa maelezo marefu.

Watengenezaji hao hao wana programu nyingine ndogo, es.exe, inayopakuliwa kando na inayofanya kazi Everything ikiwa imefunguliwa. Hiyo ni ya mstari wa amri tupu. Inaweza kutoa orodha inayofunguka katika Excel:

es.exe -path "D:\Basari" -r "ndung.?u" -export-csv orodha.csv

Chaguo -r hapo linasema kwamba neno linalofuata ni ruwaza. Nukta ni herufi yoyote moja, na alama ya kuuliza baada yake inasema herufi hiyo inaweza kuwepo au isiwepo. Hii ni bora kuliko nyota. Nyota ingeleta pia faili ya Ndungata_Mutua, kwa sababu baada ya ndung kuna u mbele huko. Ruwaza hii inakubali pengo la herufi moja tu, basi inaleta Ndungu, Ndung'u na Ndung’u, inamwacha Ndungata. Kwa Ng'ang'a andika ng.?ang.?a, na kwa Murang'a andika murang.?a. Majina ya Kiislamu yanayoandikwa kwa njia nyingi yana dawa kama hiyo: *m?ham*, katika utafutaji wa kawaida wa nyota, huleta Mohamed, Mohammed na Muhammad kwa pamoja, kwa kuwa huko alama ya kuuliza husimama badala ya herufi moja kamili. Alama ile ile ina maana mbili katika mitindo miwili ya kutafuta. Hilo huwachanganya hata wazoefu.

Na hapa ndipo ombi linapozaliwa. Ni kweli tatizo linazungukika. Lakini si haki kumtaka kila karani ajue nukta na alama ya kuuliza ili mtoto mwenye ritifaa katika jina lake apate huduma sawa na mtoto asiye nayo. Dawa ya kweli ni programu yenyewe iwe na chaguo la kupuuza ritifaa. Toleo la majaribio la Everything, la 1.5, lina chaguo la kupuuza alama za uandishi katika menyu yake ya kutafuta. Toleo la 1.4, ambalo ndilo lililo kwenye kompyuta nyingi, halina. Programu nyingine nyingi hazina popote.

Namna ya kuandika ombi

Programu nyingi za bure hutengenezwa na mtu mmoja au kikundi kidogo. Hawana idara ya huduma kwa wateja. Wanasoma barua wenyewe, mara nyingi usiku baada ya kazi nyingine, na ombi lisiloeleweka huwekwa kando. Ombi linaloeleweka mara nyingi hujibiwa. Wengi wao hawajawahi kuona jina la Ng'ang'a, na hawana njia ya kujua kwamba ritifaa hapo ni sehemu ya sauti, si mapambo. Sisi tusipowaambia hakuna mwingine atakayewaambia.

Kabla ya kuandika, hakikisha chaguo hilo halipo tayari. Katika mstari wa amri, programu nyingi hutoa orodha ya chaguo zake ukiandika jina lake kisha -h au --help, na amri za Windows hutumia /?. Soma orodha yote, maana chaguo linaweza kuwepo kwa jina ambalo hukulitarajia: ulikuwa unatafuta "ritifaa", kumbe limeandikwa "alama za uandishi". Angalia pia kama amri mbili zikiunganishwa zinatosha, kama tulivyoweka tarehe juu ya orodha kwa echo bila kumwomba mtu chochote.

Likikosekana, eleza kazi unayotaka kuifanya kabla ya kutaja chaguo unalolitaka. Hili ndilo kosa la kawaida zaidi. Mtu huandika, "Tafadhali ongezeni chaguo la -x," akidhani ameeleza. Mtengenezaji hajui -x lifanye nini wala kwa nini. Akijua kazi, huenda akakuonyesha njia iliyopo, au akabuni chaguo bora kuliko ulilowaza. Jina la chaguo mwachie yeye.

Mpe mfano anaoweza kuujaribu. Majina matatu ya faili, amri uliyoandika, ulichotarajia, ulichopata. Taja toleo la programu na toleo la Windows. Omba jambo moja katika barua moja. Na usiombe tabia ya kawaida ya programu ibadilishwe. Kuna watu wengine duniani wenye amri zao zilizohifadhiwa zinazotegemea programu ifanye vile inavyofanya sasa, na kwao ritifaa huenda ni alama muhimu. Omba chaguo la hiari, linalowashwa na anayelihitaji.

Tahadhari moja ni lazima. Usitume picha ya kioo cha kompyuta yenye majina halisi ya waombaji wa basari, wagonjwa au walipa kodi. Hizo ni data za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuwajibisha kuzitunza. Tunga majina ya mfano. Kwa wenye saiba, kumbukeni pia kwamba programu ya kutafuta majina inaweza kumwonyesha mteja anayefuata majina ya faili zote alizoziacha mteja aliyetangulia.

Barua yenyewe inaweza kuwa fupi kama hii. Watengenezaji wengi husoma Kiingereza, basi itafsiri kwa Kiingereza chepesi kabla ya kuituma kwa anwani iliyo katika ukurasa wa mawasiliano wa programu:

"Habari. Natumia programu yenu, toleo la (andika namba), kwenye Windows 10, kutafuta fomu zilizopigwa skani kwa majina ya watu. Hapa Kenya majina mengi yana ng', kwa mfano Ndung'u. Faili zetu zina maandishi matatu: Ndungu, Ndung'u kwa ritifaa iliyonyooka, na Ndung’u kwa ritifaa iliyopinda. Nikitafuta ndung'u kwenye mstari wa amri napata faili moja. Ningependa kupata zote tatu. Kwa sasa natumia ruwaza ndung.?u, lakini wenzangu ofisini hawaifahamu. Je, mnaweza kuongeza chaguo la amri la kupuuza ritifaa za aina zote, lizimwe kwa kawaida? Nimeambatisha faili tatu tupu zenye majina hayo kwa majaribio. Niko tayari kujaribu toleo lolote mtakalonitumia. Asante kwa kazi yenu."

Sentensi inayotaja njia unayoitumia sasa ina kazi yake: inamwonyesha mtengenezaji kwamba umejaribu, na inamwokoa asikujibu kwa kukutajia njia hiyo hiyo. Faili tatu tupu nazo zina thamani kuliko aya nzima ya maelezo, hasa kwa kuwa ritifaa iliyopinda inaweza kugeuzwa kuwa iliyonyooka njiani ndani ya barua pepe. Zifunge katika faili moja ya zip.

Jibu likichelewa wiki kadhaa, andika tena mara moja kwa upole. Likiwa ni hapana, uliza kama kuna njia nyingine. Likiwa ni ndiyo na ukatumiwa toleo la majaribio, lijaribu kwanza kwenye kompyuta moja isiyo na nyaraka za watu, kwa zile faili tatu, kabla ya kuliweka kwenye kompyuta ya ofisi. Kompyuta za ofisi za kaunti haziongezwi programu bila idhini ya idara ya teknolojia ya mawasiliano. Makarani wapitishie maombi yao huko, ili wadi tano zisiandike barua tano kuhusu jambo moja.

Kwa mkazi aliye upande wa pili wa dirisha, ambaye jina lake au la mtoto wake lina ritifaa: ukiambiwa faili haionekani, mwombe karani ajaribu jina bila alama, kisha kwa alama, kisha kwa nyota mahali pa alama. Mwonyeshe jinsi jina lilivyoandikwa katika cheti cha kuzaliwa na katika fomu uliyopeleka, kwa sababu mara nyingi hayalingani. Kama bado haipatikani, omba uandikiwe kwamba utafutaji umefanyika, tarehe yake, na majina yaliyotafutwa.